Mizabibu ya Padiri Juu ya Kichuguu

Mama yangu alikuwa mpika pombe. Alipika munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi ya porini, ambacho kikiwa kipya hata watoto wanakunywa, na kikilala kinaanza kuuma ulimi. Alipika pia mbote, pombe ya asali, na hiyo haikuwa ya watoto. Kwa sababu ya mbote, kanisa letu la Waprotestanti lilimtoa kwenye meza ya Bwana. Hakufukuzwa. Alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la akina mama, aliimba kwa sauti kuliko wote, alitoa sadaka. Ila Jumapili ya meza, sahani ya mkate ilipokuja kwenye mstari wetu, mzee wa kanisa aliinyoosha kwangu, kisha akaipitisha juu ya magoti ya mama hadi kwa jirani yake.

Baba alikuwa amekufa zamani, alikuwa mtu wa reli kule Tenke, na mama alipobaki mjane alihamia Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, na vyungu vyake. Pombe ndiyo iliyonilisha na kunisomesha hadi nikawa mwalimu. Yeye hakuona kosa la kutubu, wazee hawakuona toba ya kupokea, na mambo yalikaa hivyo miaka mingi. Mimi nilimega mkate wangu karibu naye, nikatafuna nikitazama chini.

Darasa langu la kwanza lilikuwa katika shule ya parokia ya Wakatoliki, upande wa Musonoi. Ilikuwa miaka ya Zaïre, Kongo ilipobadilishwa jina. Wanaume waliacha tai, watu waliitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na asubuhi watoto walimwimbia Rais kwanza, ndipo tukafungua vitabu. Mkuu wa parokia alikuwa Mfaransa mwenye masikio mekundu, ambaye alikaa kwetu muda mrefu hata Kiswahili chake kikawa cha Kolwezi kabisa, isipokuwa kilipitia puani. Watu wote walimwita Padiri, na mimi nitamwita hivyo.

Padiri alipenda munkoyo wa mama. Jumamosi alipomaliza kuungamisha alipanda baiskeli, akaja uani kwetu, akaketi kwenye kreti iliyogeuzwa, akapewa kikombe. Hawakuzungumza dini. Walizungumza kupika. Padiri alitoka kwenye bonde la mto Loire, Ufaransa, katika familia ya wakulima wa zabibu, na kaka yake bado alikuwa akitengeneza divai katika mapango ambayo babu zao waliyachimba kwenye jiwe jeupe. Mama alitaka kujua kila kitu: wanafunika na nini, inalala muda gani, wanajuaje imeiva.

Kisha vitu vikaanza kupotea madukani. Unga wa ngano, sukari, vipuri, na divai ya misa. Chupa iliyofika parokiani ilitakiwa kutosha miezi. Wakristo walisimulia kwamba Padiri anapima divai ya kikombe kwa kijiko cha dawa, na ilikuwa kweli, nilikiona kijiko chenyewe sakristia nilipokwenda kuomba chaki.

Mwaka huo alipata likizo akaenda kwao. Aliporudi alikuja uani kwetu na mzigo wa magazeti yaliyolowa. Ndani mlikuwa na vijiti, vikavu kwa kutazama, virefu kama mkono mpaka kiwiko.

"Mama," alisema, "nimeleta mizabibu. Nitapanda divai yangu hapa hapa."

Mama alichukua kijiti kimoja, akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha. Chini ya ganda kulikuwa na kijani.

"Haiyakufa," alisema. "Lakini utapanda wapi?"

"Mukuje kwanza muonje. Halafu tutasema juu ya wapi."

Jumapili mchana tulikwenda kwenye baraza la misioni. Padiri alikuwa ameweka mezani chupa tatu alizofunga ndani ya soksi na kanzu zake safarini, na glasi za chai kwa sababu nyingine hakuwa nazo. Mimi nilikunywa kwa woga, maana niliogopa kuonekana. Mama hakuogopa chochote. Mtu aliyekwisha kutolewa mezani hatolewi mara mbili.

Padiri alichukua chaki akachora mto sakafuni. Ulitoka milimani, ukapanda kaskazini, ukageuka magharibi, ukaenda bila haraka hadi baharini. Alisema ni mto mpana, wenye visiwa vya mchanga, na wakati wa kiangazi mtu mrefu anaweza kuuvuka kwa miguu mahali pengine, lakini kila mwaka unaua wanaoudharau.

Chupa ya kwanza ilitoka karibu na bahari. Divai nyeupe, nyepesi. Alisema kule watu wanainywa wakila makombe mabichi ya baharini.

"Hii ni mayi ya ndimu," mama alisema.

"Njo vile inatakiwa," Padiri akajibu bila kuudhika.

Ya pili ilitoka kwa kaka yake, kwenye jiwe jeupe. Alieleza kwamba jiwe hilo ni laini, linakatwa kwa msumeno, nyumba na makanisa yote ya huko yamejengwa nalo, na pale lilipochimbwa ndipo watu waliweka mapipa, kwa sababu ndani hakuna joto wala baridi kali. Jiwe linakunywa mvua ya majira ya baridi, kisha linaupa mzabibu kidogo kidogo wakati wa jua. Divai yake ilikuwa nyeupe pia, lakini ilikaa mdomoni. Nilihisi kitu kama ganda la pera, na baadaye ukavu, kama mtu anayeramba ubao mpya wa shule. Mama alifunga macho.

Ya tatu ilikuwa na rangi ya asali. Padiri alitumia chaki kuonyesha mahali mto mdogo unapoingia katika ule mkubwa. Alisema ukienda na treni kuelekea bahari unafika mahali kuta za nyumba zinaacha kuwa nyeupe zinakuwa nyeusi, kwa sababu jiwe chini limebadilika, ni lile jeusi linalopasuka kama kurasa. Pale, mwisho wa msimu, ukungu unatoka mtoni asubuhi na jua linakuja mchana, na zabibu zinashikwa na kuvu, zinakunjamana, zinaoza juu ya mti. Wakulima wanaziacha zioze. Wanapita shambani mara nyingi, wanachuma zilizooza tu.

"Zenye kuoza?" mama aliuliza. "Na banakunywa?"

"Unakunywa sasa."

Mama alitazama glasi yake, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akainywa yote.

"Sasa sikilizeni," Padiri alisema. "Hii ya pili na hii ya tatu, muti ni moja. Jina moja, damu moja. Kaka yangu na bale batu banakata namna moja. Bulongo njo inapitana, haiko sawa. Na mawe, na ukungu, na upande jua inatokea. Bitu hii yote pamoja, kwetu tuko na neno yake, terroir. Kwa Kiswahili sijapata."

Tulitafuta. Nilisema udongo, akasema ni zaidi ya udongo. Nilisema nchi, akasema nchi ni kubwa mno. Mama alisema hakuna haja ya neno: asali ya mwezi wa kumi na asali ya mwezi wa tano zinatoka kwa nyuki walewale wa msitu uleule, na anayejua anaonja anakuambia ni ipi, na hakuna aliyempa jambo hilo jina. Padiri alifikiri, akasema pengine ndivyo.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na mawazo yangu. Kolwezi nzima inaishi kwa ardhi. Mwanaume wa kwetu akishika udongo mkononi anataka kujua una shaba kiasi gani, na akishajua, udongo wenyewe unatupwa, unakuwa mlima wa takataka nyuma ya kiwanda. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaoshika udongo na kuuliza utakuwa na ladha gani.

Padiri alikuwa na shauri lake kuhusu mahali pa kupanda. Nyuma ya misioni kulikuwa na mteremko wenye mawe, unaotazama jua la asubuhi, usio na mti hata mmoja, majani mafupi tu na yale maua madogo ya buluu yanayopenda shaba. Kila mtoto wa Kolwezi anajua kilima cha namna hiyo kina nini. Padiri pia alijua. Lakini alisema mzabibu hautaki udongo mnono, unataka kuteseka, mizizi ishuke kutafuta. Na kuhusu shaba alikuwa na jibu tayari.

"Kwetu tunanunua shaba, Mama! Tunachanganya na chokaa na mayi, tunanyunyizia majani isipate ugonjwa. Shamba yote inakuwa buluu. Hapa shaba iko bure."

"Padiri," mama alisema, "kwenye ile kilima hakuna muti. Unawaza miti ilikataa tu bure?"

"Miti haiko mizabibu."

Alipanda mvua za kwanza zilipoanguka. Alipanda vizuri, mistari imenyooka, na watu wa parokia walisaidia kubeba maji. Vijiti vilichipua, na kwa wiki chache Padiri alitembea akipiga mluzi. Kufikia Noeli majani yalikuwa ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Alipong'oa mti mmoja tukaona mizizi: mifupi, ya kahawia, kama kitu kilichoguswa na moto. Akang'oa mwingine, ulikuwa vilevile. Jumamosi ile alikaa kwenye kreti yake bila kugusa kikombe. Mama hakumwambia, "Nilikuambia." Alimletea karanga za kukaanga, akakaa naye.

Bahati nzuri alikuwa amebakiza vijiti vichache ndani ya makopo ya maziwa, kivulini, misioni.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba yenyewe, cha zamani, mchwa wake walikwisha kuhama. Mama alipanda maboga na mihogo juu yake, na ubavuni alichimba udongo wa kukandika mafiga ya kupikia. Siku moja alipokuwa akichimba mbele ya Padiri, yalianguka madonge madogo meupe, kama mifupa ya kuku iliyovunjika. Yapo katika vichuguu vyote vikubwa vya kwetu, hakuna anayeyajali. Padiri aliokota moja, akaliparuza, akaomba ndimu. Nilimletea. Alikamua tone juu ya lile donge, na likafanya povu, likatoa sauti ndogo ya kuchemka.

"Chokaa," alisema. Akakamua tena. "Mama, hii ni jiwe ya kwetu. Mchwa bameileta juu. Ni jiwe ya kaka yangu!"

"Basi weka miti yako," mama alisema. "Lakini maboga yangu hapana kutoa."

Hivyo mizabibu iliingia uani kwetu, upande wa kichuguu unaopata jua, katikati ya maboga. Padiri alileta nyaya za zamani zilizotupwa mgodini akazifunga kwenye nguzo. Na hapo ndipo ugomvi wao mzuri ulipoanza, maana sasa shamba lilikuwa la mama na miti ilikuwa ya Padiri.

Mama aliamini kitu kinachokua kinataka kula. Aliimwagia mizabibu masimbi, yale machicha ya munkoyo, majivu, maji ya kuoshea vyombo. Ilistawi sana. Ilipanda nyaya, ikapanda muhogo, ikafika kwenye bati la jikoni. Majani yalikuwa makubwa kama sahani. Zabibu hazikuwepo. Padiri alikuja na mkasi akakata karibu yote, hadi vikabaki visiki vyenye macho mawili matatu ya kuchipua, na mama alisimama mlangoni akipiga kelele kama aliyeibiwa.

"Unaua! Tazama yee anaua!"

"Mama, nisipokata itazaa majani mpaka mwisho wa dunia. Kwetu baridi inaulaza. Hapa hakuna kitu ya kuulaza. Sisi njo baridi yake."

Alieleza kwamba bondeni kwao theluji na baridi vinaufanya mzabibu ulale, na unapoamka ndipo unapokumbuka kuzaa. Na baridi ikichelewa, ikirudi wakati machipukizi yametoka, inayaunguza yote kwa asubuhi moja, na wakulima wanawasha moto mashambani kuokoa. Mama alikubali hilo upesi. Alizaliwa kwenye nyanda za juu karibu na Tenke, ambako mwezi wa sita majani ya viazi vitamu yanakuwa meusi kwa baridi kabla jua halijapanda.

Msimu uliofuata zabibu zilikuja, lakini zilikuja na mvua. Ziliiva nusu, zikapasuka, zikaota manyoya meusi. Mama alifurahi. Aliniita nikaone.

"Zimeoza! Itakuwa ile tamu."

Padiri alionja moja, akaitema.

"Mama, kuko kuoza na kuoza. Hii ni kuoza ya kweli."

Wote wawili walicheka, ingawa Padiri alicheka kwa kuchelewa. Ndipo walipokaa pamoja na kupanga upya kama watu wa kazi moja. Kama miti haina majira, wataipa majira. Wataikata mvua inapoisha, mwezi wa nne, wataimwagilia kidogo wakati wa kiangazi, na zabibu zitaiva mwezi wa tisa, kabla ya mvua, hewa ikiwa kavu. Mama aliacha kutupia masimbi. Padiri aliacha kusema kwetu, kwetu, kwa kila jambo.

Na hapo, zabibu zikiwa ngumu na kijani kama mbaazi, Padiri akatumwa Kisenge, mbali upande wa magharibi. Padri wa kule aliugua, na huku kwetu padri msaidizi wake angeweza kusoma misa. Alikuja kuaga na baiskeli yake, akamweleza mama mambo matatu: asichume kwa kutazama ngozi bali apasue moja aangalie mbegu, zikiwa kahawia ndiyo wakati, asitumie chombo kilichowahi kukaa mbote, na asitie kitu chochote, si sukari, si asali, si maji. Divai ya misa ni zabibu peke yake, ikitiwa kingine haifai altareni.

"Hata asali kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

Mwezi wa tisa ulifika na moshi wake wa mapori. Ndege walianza kuja, wale wenye mikia mirefu wanaotembea kwenye matawi kama panya. Tulifunika mizabibu kwa magunia yaliyofumuliwa. Kila nilipotoka shule nilimkuta mama juu ya kichuguu na zabibu moja imepasuliwa kiganjani. Mbegu zilikuwa kijani. Kisha zikawa na madoa. Majirani walisema tunachelewa, na ndege watatumalizia. Mimi pia nilisema tuchume. Mama alisema hapana, na siku iliyofuata akasema hapana, na nilimkasirikia. Asubuhi moja kabla sijakwenda kazini aliniita, akaniwekea mbegu mkononi. Ilikuwa kahawia kama ya tunda la kweli, na ukiitafuna ilikuwa na ladha ya karanga iliyoungua.

"Mwambie directeur uko mugonjwa," alisema.

Sikumwambia mkuu wa shule hivyo. Niliomba ruhusa tu, nikapewa. Tulichuma mpaka jua likawa juu. Zilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, na ngozi nene. Tulizikamua kwa mikono ndani ya beseni jipya, tukachuja kwa kitambaa, tukamimina ndani ya damajani, chupa kubwa ya kioo aliyotuachia Padiri. Halikujaa hata hivyo. Mama alionja maji yale, akanitazama.

"Iko kali. Kijiko moja ya asali, nani atajua?"

"Padiri alisema hapana."

"Mi napika pombe tangu haujazaliwa. Najua yenye kupunguka sukari."

"Mama, ni ya altare."

Alikwenda jikoni, akarudi, akakaa chini karibu na damajani, akalaza sikio kwenye kioo. Hakutia kitu. Kwa siku nyingi baada ya hapo, kabla ya kuwasha moto, alikuwa akienda kusikiliza. Alisema inaongea polepole kuliko mbote, kama mtu asiyekuwa na haraka ya kusema jina lake. Iliponyamaza, akaihamishia kwenye chupa na kuzifunga kwa nta.

Padiri alirudi muda mfupi kabla ya Noeli, amekonda, amechomwa na jua la Kisenge. Mama alimmiminia kidogo. Alinusa, akaonja, akazungusha mdomoni kwa sura ambayo haikusema lolote.

"Iko mubaya?" mama aliuliza.

"Iko kali. Miti ingali mitoto. Haifanane na ya kaka yangu, haifanane na yote tulionja." Akaonja tena. "Lakini ni divai, Mama. Ni divai safi. Naweza kusimama nayo mbele ya Mungu."

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu.

Siku ya Noeli alivaa nguo yake ya kanisani, akaniambia tunakwenda kwa Wakatoliki. Hakuwahi kuingia. Alikaa nyuma karibu na mlango, mgongo umenyooka. Padiri alipoinua kikombe na kengele ikalia, watu wote waliinamisha vichwa isipokuwa yeye. Alikuwa akitazama kikombe kama anavyotazama chungu kinachotaka kuchemka. Watu walipokwenda kupokea, sisi tulibaki.

Nje, watu walipokuwa wakisalimiana, alimfuata Padiri moja kwa moja.

"Ilikuwa namna gani?"

"Nini, Mama?"

"Divai. Uliikunywa mbele ya batu yote. Ilikuwa namna gani?"

Padiri alisema, "Pale juu, Mama, haiko tena ya kuonja." Kisha akaona uso wake, akamshika mkono. "Ilikuwa muzuri."

Sikuweza kuliacha jambo lile. Mwanamke aliyesikiliza divai kwa sikio mpaka ikawa tayari hakupewa kipande cha mkate popote pale. Jumapili ya meza iliyofuata, kanisani kwetu, sahani ilipofika kwangu niliiacha ipite. Sikuwa nimepanga. Mkono ulikataa tu kuinuka. Mama alinichoma ubavuni kwa kiwiko.

"Unafanya nini? Kamata mukate," alinong'ona.

"Sitaki."

"Mi sikukuomba unifanyie kilio. Kamata!"

Sahani ilikuwa imekwishapita. Njiani alinisema mpaka nyumbani, na alikuwa na haki: lile lilikuwa jambo lake na wazee, na nilikuwa nimelibeba bila kuombwa. Mwezi uliofuata niliuchukua mkate.

Mwaka wa pili miti ilizaa zaidi. Kanisani kwetu, badala ya divai, walitumia sharubati nyekundu ya dukani iliyochanganywa na maji, na sharubati hiyo nayo ilikuwa imeadimika. Jioni moja mzee wa kanisa, yuleyule wa sahani, alikuja uani. Alikataa kiti, halafu akakubali.

"Mama," alisema, "tumesikia uko na zabibu."

"Niko nayo, tata," mama alijibu, akimwita baba kwa heshima.

"Kama unaweza kutukamulia kidogo. Isiyolala. Ya meza."

Niliacha kusahihisha madaftari. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akauliza, "Munataka ya chupa ngapi?" Alipoambiwa, akasema italetwa Jumamosi. Aliichemsha ili isilale, akaipeleka mwenyewe kichwani, imefunikwa kitambaa cheupe.

Jumapili hiyo niliketi karibu naye. Mkate ulimruka kama kawaida. Kisha ikaja trei ya vikombe vidogo, na ndani yake ile rangi niliyoijua. Mzee alinipa changu. Halafu hakuendelea. Alisimama mbele ya mama na trei mikononi. Nadhani hakuwa ameamua. Nadhani alifika pale akashindwa kumruka. Akina mama wa mbele waligeuka.

Mama aliinua macho akamtazama bila hasira.

"Pita, tata," alisema kwa sauti ya chini. "Ningali napika."

Mzee alipita. Wimbo ulipoanza mama aliuongoza.

Aliendelea kutengeneza zote mbili kila mwaka, iliyolala kwa Padiri na isiyolala kwa wazee, na mbote kwa waliotaka mbote. Padiri alizeeka, magoti yakamshinda, wakamrudisha bondeni kwao. Alipoondoka alimwachia mama mkasi wake wa kukatia. Padri aliyemfuata alikuwa kijana wa kwetu, na wakati wake divai ya kununua ilikuwa imeanza kupatikana tena, kwa hiyo hakuhitaji ile yetu. Mama hakulalamika. Alikuza mizabibu juu ya banda la jikoni ikawa kivuli, na zabibu akaziuza kwa mafungu sokoni Musonoi, ambako wanunuzi waliziita matunda ya Biblia.

Mimi niliolewa nikahamia Lubumbashi. Mama alipokufa nyumba ilipangishwa, na nilipopita mara ya mwisho nilikuta familia nyingine uani, watu wa biashara, Waislamu waliotoka upande wa mashariki. Mama wa nyumba alinikaribisha, akanipa maji. Mizabibu ilikuwa imekuwa minene kama mkono wa mtu mzima, na hakuna aliyeikata kwa muda mrefu. Nilimuuliza kama inazaa. Alisema inazaa kidogo, upande wa juu, lakini hajawahi kuona moja iliyoiva, kwa sababu watoto hawangoji. Wanapanda kichuguu, wanazichuma zingali kijani, wanazila na chumvi.